Kijani cha Mabatini

Anaonekana sekunde arobaini na moja tu,
picha nzima, mwanzo mpaka mwisho,
yule askari wa mlango wa tisa wa chombo:
anageuka, anapigwa, anaanguka.
Mtafsiri wetu, aliyesemea watu wote peke yake,
wanaume, wanawake, hata mashine,
alimwita Bwana Bati, akacheka, akaendelea.

Mimi sikuendelea.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, benchi la mbele,
kibanda cha Mama Nyanzobe, Mabatini,
shilingi mia mlangoni, ndani jasho la watu sitini.
Leo nina thelathini na tatu.
Mchana naziba mitumbwi pale Igogo,
nalaza faibagilasi juu ya mbao zilizochoka.
Usiku, kwa resini iliyoganda pembeni mwa kopo,
najenga kichwa cha Bwana Bati.

Diski nimeisimamisha mpaka imechubuka.
Nimehesabu ribiti: kushoto kumi na saba,
kulia kumi na sita.
Nikasema ni macho. Nikarudia. Kumi na sita.
Basi yupo fundi huko, simjui jina,
ambaye siku ile alisahau moja,
labda chai ilikuwa tayari, labda mtoto alimwita,
nami nimekesha siku tatu
nikijifunza kusahau pale pale aliposahau.

Mashavu ni ndala za sponji za Mlango Mmoja,
nimezikunja kwa pasi ya mkaa.
Masikio, vifuniko vya ndoo za rangi.
Msasa namba themanini, kisha mia mbili na arobaini,
kisha mia nne kwa maji,
vumbi jeupe hadi kwenye dagaa wa jirani.
Lubasha wa bodaboda akaegesha, akainua:
"Elementi hii bei gani?"
Nikamwambia, haizuii ajali.
"Sasa inazuia nini?"
Akaondoka na swali lake halijajibiwa,
na mpaka leo sina jibu.

Usiku wa praima nilisahau kuzima taa.
Wadudu wa ziwa wakaja kama moshi kutoka upande wa Ukerewe,
asubuhi Bwana Bati ana ndevu.
Msasa tena. Namba themanini.

Halafu binamu akanitumia nakala safi, ile ya kung'aa,
nikaitazama kwenye simu, mgongo ukutani,
na deraya yake ni ya kijivu.
Kijivu tu. Kijivu cha sufuria.
Ule ukijani nilioulinganisha mwaka mzima,
tone la njano, tone la bluu, jani la gugumaji mkononi,
haukuwa wake.
Ulikuwa wa runinga ya Mama Nyanzobe,
iliyokuwa inakufa polepole mbele yetu,
iliyopigwa kofi ubavuni kila dakika kumi
picha ikae.

Makopo mawili mezani. Wiki nzima sikufungua hata moja.
Nilitaka iwe sahihi kwa kioo, sawasawa na kioo.
Kioo kipi?
Sisi sitini hatukuwahi kuona kijivu.

Nikapaka kijivu. Nikakiacha kikauke.
Juu yake nikapaka kijani.
Kisha kwa ncha ya kisu, pale risasi ilipompata,
sekunde ya thelathini na nane,
nikakwangua mpaka kijivu kikachungulia.

Jumapili nikampelekea.
Kibanda siku hizi ni duka la vocha,
magoti yanamsumbua, jicho moja lina ukungu.
Akaigeuza, akanusa rangi,
hakuhesabu ribiti.
"Huyu si Bwana Bati?"
Kabla sijaitika
akaipiga kofi ubavuni, kofi la nguvu,
akarudi nyuma hatua moja,
akasubiri.